Namna ya Kuipima Habari Inayosema Mafuta ya Dunia Yataisha

Kila bei ya petroli inapopanda, hurudi ile habari kwamba dunia imebakiwa na mafuta ya miaka 50 tu, au 47, au 30, na kwamba baada ya hapo magari yatasimama. Habari hiyo si uongo mtupu, kwa maana aghalabu idadi hizo hutoka katika takwimu halisi. Tatizo ni kwamba husambazwa bila maelezo ya namna zilivyopatikana, na msomaji asiyejua zilivyopatikana hawezi kujua zinamwambia nini. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuichambua habari ya aina hiyo, kwa hesabu ambazo mtu yeyote anaweza kuzifanya kwa kikokotoo cha simu yake.

Nitangulize msimamo wangu ili ninakoelekea kujulikane. Swali la "yataisha lini" halina jibu la mwaka, kwa kuwa mafuta hayataisha kwa namna ambayo swali lenyewe linadhani. Maswali yenye majibu ni haya: yatatoka kwa kasi gani, kwa gharama gani, na nani atakuwa bado anayahitaji wakati huo.

Irudie hesabu iliyozaa idadi ya miaka

Idadi ya miaka inayotajwa hupatikana kwa kugawanya akiba iliyothibitishwa kwa kiasi kinachochimbwa kwa mwaka, basi. Mwishoni mwa mwaka 2020, takwimu za kampuni ya BP, ambazo kwa miongo mingi zilinukuliwa kuliko nyingine, zilionyesha akiba ya mapipa takriban bilioni 1,732. Mwaka huo dunia ilichimba wastani wa mapipa milioni 88 na ushei kwa siku, yaani kama bilioni 32 kwa mwaka. Ukigawanya utapata miaka 53 hivi, na huo ndio mzizi wa ile "miaka 50" inayozunguka kwenye simu zetu. Pipa moja, kwa asiyelijua, ni lita 159.

Sasa ifanye hesabu hiyohiyo kwa mwaka 1980. Akiba iliyoandikwa wakati huo ilikuwa karibu mapipa bilioni 680, na jibu la mgawanyo likawa takriban miaka 30. Kwa jibu hilo mafuta yalipaswa kwisha karibu na mwaka 2010. Kilichotokea ni kwamba kati ya 1980 na 2020 dunia ilichimba zaidi ya mapipa trilioni moja, kiasi kinachozidi akiba yote iliyokuwa imeandikwa mwanzoni, na bado akiba iliyobaki mwishoni ikawa kubwa kuliko ile ya mwanzo kwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Hata wakubwa wameteleza hapo. Rais Jimmy Carter, akiwahutubia Wamarekani tarehe 18 Aprili 1977, alionya kwamba kama mahitaji ya dunia yangeendelea kukua kwa asilimia 5 kila mwaka, akiba yote iliyothibitishwa ingeweza kumalizika kabla ya muongo wa 1980 kwisha. Nambari zote mbili alizozitumia zilihama: bei zilizopanda baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979 ziliwafanya watu wapunguze matumizi, na bei hizohizo zikawapa wachimbaji sababu ya kuongeza kazi katika Bahari ya Kaskazini, Alaska na Mexico.

Kwa hiyo unapokutana na idadi ya miaka, usianze kuibishia. Andika pembeni nambari mbili zilizoizaa, yaani akiba na uchimbaji, halafu ujiulize juu ya kila moja ni kitu gani kinachoweza kuisogeza. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kujibu swali hilo.

Tofautisha mafuta yaliyomo ardhini na mafuta yanayoweza kutolewa

Uganda inatupa mfano ulio karibu. Mafuta yaliyogunduliwa kando ya Ziwa Albert kuanzia mwaka 2006 hutajwa kwa nambari mbili: mapipa bilioni 6.5 na mapipa bilioni 1.4. Waandishi wa habari huzitumia kwa kubadilishana, kana kwamba moja ni marekebisho ya nyingine, kumbe zote ni sahihi. Ya kwanza ni makadirio ya mafuta yote yaliyomo kwenye miamba. Ya pili ni sehemu inayotarajiwa kutolewa kwa mbinu na bei za leo. Ukiigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata kama asilimia 21, maana yake karibu mapipa manne katika kila matano yatabaki chini.

Sababu ni kwamba mafuta hayakai kwenye shimo kubwa la wazi kama wengi wanavyoyafikiria. Yamo ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, na hutoka kwa msukumo. Aliyewahi kukuna na kukamua nazi anaijua hali hiyo: tui la kwanza hutoka zito bila taabu, tui la pili linataka maji na mikono yenye nguvu, na chicha inayotupwa bado ina mafuta ndani yake. Wachimbaji nao huanza na msukumo wa asili wa mwamba, kisha huingiza maji au gesi ili kuyasukuma yaliyobaki, na mwishowe, ikiwa bei inaruhusu, huingiza mvuke au kemikali. Kwa wastani wa dunia, kinachotolewa ni takriban theluthi moja ya kilichomo. Katika eneo la Statfjord nchini Norway, ambako mwamba ni mzuri na usimamizi ulikuwa makini tangu mwanzo, wamevuka asilimia 60.

Hata ile sehemu inayoweza kutolewa ina ngazi zake. Wahandisi huiita akiba "iliyothibitishwa" pale wanapoona uwezekano wa angalau asilimia 90 kwamba kiasi hicho kitapatikana. Wakijumlisha na ile inayotarajiwa, kipimo hushuka hadi asilimia 50. Na wakiongeza ile inayowezekana tu, hushuka hadi asilimia 10. Habari nzito ya "ugunduzi mkubwa" mara nyingi hubeba nambari ya ngazi yenye uhakika mdogo kabisa, na habari ya hofu hubeba ile yenye uhakika mkubwa kabisa. Msomaji anayelinganisha nambari za ngazi tofauti analinganisha vitu viwili visivyofanana.

Tena akiba inaweza kuongezeka bila mtu kuchimba hata kisima kimoja kipya. Mwishoni mwa mwaka 2002 jarida la Oil & Gas Journal lilipandisha akiba ya Kanada kutoka mapipa bilioni 4.9 hadi bilioni 180. Hakuna aliyekuwa amegundua chochote. Mchanga wenye mafuta mazito wa Alberta ulijulikana kwa vizazi na vizazi. Kilichobadilika ni kwamba mbinu na bei zilikuwa zimefika mahali ambapo kuuchimba kulilipa, na mhariri akakubali kuuhesabu.

Kwa wasomaji wa Tanzania niongeze tahadhari moja fupi. Zile futi za ujazo trilioni 57 zinazotajwa kila mara ni gesi asilia, si mafuta, na ni gesi iliyomo ardhini kabla ya kuhesabu inayoweza kutolewa. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inaendesha mitambo ya umeme na viwanda, na baadhi ya magari ya Dar es Salaam, lakini haiingii katika hesabu ya mafuta ghafi hata kidogo.

Mchunguze aliyetoa takwimu

Akiba ya mafuta haionekani kwa macho, na karibu kila anayeitangaza ana faida fulani katika ukubwa wake. Katika miaka ya 1980, nchi za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, zilipoanza kugawana viwango vya uzalishaji, kukawa na mjadala wa kuvihusisha viwango hivyo na ukubwa wa akiba ya kila nchi. Kati ya mwaka 1984 na 1990 akiba zikapaa moja baada ya nyingine: Kuwait ikapandisha ya kwake kwa zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo, Umoja wa Falme za Kiarabu, Iran na Iraki zikafuata, na Saudi Arabia ikaruka kutoka karibu mapipa bilioni 170 hadi zaidi ya bilioni 250. Watetezi wa nchi hizo husema kwamba kampuni za Magharibi zilizokuwa zikimiliki visima hapo awali zilikuwa zimepunguza nambari kwa makusudi, na hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, nchi inayoandika akiba ileile mwaka hadi mwaka ilhali inachimba kila siku, kama ilivyokuwa kwa Kuwait na mapipa yake bilioni 101.5, inataka tuamini kwamba kila pipa linalotoka linafidiwa na jingine linalothibitishwa siku hiyohiyo.

Kampuni binafsi nazo si watakatifu. Januari 2004 kampuni ya Shell ilitangaza kwamba mapipa bilioni 3.9 (gesi ikihesabiwa kwa kipimo cha mafuta), karibu moja ya tano ya akiba yake, hayakustahili kuitwa yaliyothibitishwa. Miezi miwili baadaye mwenyekiti wake, Philip Watts, akaondoka.

Halafu kuna Venezuela, ambayo peke yake inatosha kuivunja imani ya mtu katika mgawanyo wa akiba kwa uchimbaji. Kwenye karatasi ndiyo inayoongoza duniani, ikiwa na mapipa zaidi ya bilioni 300. Mwaka 2020 ilichimba kama mapipa nusu milioni kwa siku, baada ya kuwa imechimba zaidi ya milioni tatu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukigawanya, unaambiwa Venezuela ina mafuta ya zaidi ya miaka 1,500. Nambari hiyo haielezi utajiri. Inaeleza mitambo iliyochakaa, wataalamu waliohama, vikwazo vya Marekani, na mafuta mazito ya bonde la Orinoco ambayo hayasafirishiki bila kuchanganywa na mafuta mepesi.

Tazama kasi kabla ya wingi

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, na ndipo habari nyingi zinapopita bila kusimama. Dunia haitumii akiba. Inatumia mapipa yanayotoka leo. Nchi inaweza kuwa na mafuta mengi ardhini na ikapungukiwa, kwa sababu visima vinatoa kidogo kila mwaka kuliko mwaka uliotangulia.

Chukua Cantarell, eneo la mafuta katika Ghuba ya Campeche nchini Mexico, lililopewa jina la mvuvi Rudesindo Cantarell ambaye nyavu zake zilikuwa zikichafuliwa na mafuta yaliyovuja kutoka chini ya bahari. Lilikuwa miongoni mwa maeneo makubwa kabisa duniani. Msukumo wake ulipoanza kupungua, kampuni ya taifa ya Pemex ilianza mwaka 2000 kuingiza gesi ya naitrojeni kwa wingi, na uzalishaji ukapanda hadi zaidi ya mapipa milioni mbili kwa siku mwaka 2004. Kisha ukaporomoka: kufikia mwaka 2009 ulikuwa karibu mapipa 700,000. Mbinu iliyoonekana kuongeza mafuta ilikuwa, kwa sehemu kubwa, imeyaharakisha tu yatoke mapema, na bajeti ya serikali ya Mexico iliyokuwa imezoea mapato hayo ikapata taabu.

Cantarell ni mfano mkali, lakini kushuka kwenyewe ni kawaida ya kila eneo. Shirika la Kimataifa la Nishati, katika uchambuzi wake wa mwaka 2025, lilikadiria kwamba maeneo ya mafuta ya kawaida yaliyokwisha kuvuka kilele hupungua kwa wastani wa asilimia 5.6 kwa mwaka, hata yakiendelea kuhudumiwa. Kwa kasi hiyo, eneo hutoa nusu ya kiwango chake baada ya miaka 12 hivi. Hesabu ya haraka itakuonyesha maana yake: dunia inatumia kama mapipa milioni 100 kwa siku, na asilimia 5 ya hayo ni milioni tano, zaidi ya uzalishaji wote wa Iraki. Wachimbaji wanapaswa kutafuta kiasi kinachokaribia hicho kila mwaka ili tu tubaki pale pale tulipo. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua kama upungufu unakuja afuatilie fedha zinazowekezwa katika visima vipya, kwa kuwa uwekezaji ukikatika leo upungufu utaonekana miaka michache tu ijayo, hata kama akiba iliyoandikwa haijapungua kwa pipa moja.

Uingereza ilifika kilele mwaka 1999 kwa takriban mapipa milioni 2.9 kwa siku, na sasa inatoa chini ya 800,000. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba bei tunayoisikia kila siku kwenye taarifa, bei ya Brent, ina jina la eneo la Bahari ya Kaskazini ambalo jukwaa lake la mwisho lilisimamisha uzalishaji mwaka 2021. Ili bei hiyo iendelee kuwa na maana, tangu 2023 kikapu chake, yaani orodha ya mafuta yanayotumika kuipanga, kinajumuisha hata mafuta ya Texas.

Oman, nchi ambayo wasomaji wengi wa pwani yetu wana ndugu zao huko, inaonyesha upande wa pili. Uzalishaji wake ulikuwa karibu mapipa 960,000 kwa siku mwaka 2001, ukashuka hadi kama 715,000 mwaka 2007, na wachambuzi wengi wakaiandika kuwa nchi iliyokwisha. Lakini kufikia 2016 ilikuwa imefika karibu milioni moja, juu ya kile kilele cha zamani. Hawakupata eneo jingine kama Ghawar, lile kubwa mno la Saudi Arabia. Katika eneo la Mukhaizna waliingiza mvuke ili kuyalainisha mafuta mazito yasiyotiririka. Huko Marmul waliingiza maji yaliyotiwa polima ili yawe mazito na kuyasukuma mafuta vizuri zaidi. Na huko Amal wakajenga vioo vya kukusanya jua ili mvuke upatikane bila kuchoma gesi yote ambayo nchi ingeweza kuiuza. Kushuka, kwa hiyo, si amri isiyopingika, lakini kukipinga kunagharimu. Pipa linalotoka kwa mvuke halina bei ya pipa lililobubujika lenyewe miaka ya 1970.

Marekani ndiyo iliyowashangaza wote. Uzalishaji wake ulishuka kutoka karibu mapipa milioni 9.6 kwa siku mwaka 1970 hadi milioni 5 mwaka 2008, kisha uchimbaji wa visima vinavyopinda na kulala ndani ya tabaka, pamoja na kupasua miamba migumu kwa maji yenye msukumo mkubwa, ukaupandisha hadi milioni 12.9 mwaka 2023. Ila visima vya aina hiyo huchoka haraka mno: kisima hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake ndani ya mwaka wa kwanza au kidogo zaidi, na mchimbaji hulazimika kuchimba kingine, na kingine tena.

Usiuamini utabiri kwa sababu tu ulishawahi kutimia

Mwaka 1956 mwanajiolojia wa Shell, M. King Hubbert, aliuambia mkutano wa watu wa mafuta huko San Antonio, Texas, kwamba uzalishaji wa Marekani ungefika kilele kati ya 1965 na 1970. Ulipofika kilele mwaka 1970, jina lake likawa kama la nabii. Wanaomnukuu husahau kwamba katika andiko hilohilo alikadiria kilele cha dunia nzima kuwa karibu na mwaka 2000, kikiwa mapipa bilioni 12.5 kwa mwaka. Mwaka 2000 dunia ilichimba zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, na haikuwa kilele.

Sisemi kwamba mchoro wake wa kupanda na kushuka ni upuuzi. Kwa eneo moja, au kwa nchi moja inayotumia mbinu ileile, unaeleza mambo vizuri. Unashindwa pale mbinu, bei au mipaka ya kinachohesabiwa inapobadilika. Kwa hiyo ukisoma utabiri wa kilele, tafuta kwanza umehesabu mafuta ya aina gani: ya kawaida peke yake, au pamoja na mchanga wa Kanada, miamba migumu ya Texas na vimiminika vinavyotokana na gesi. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kama kilele kimepita, kumbe kila mmoja ana orodha yake.

Uliza pipa la mwisho litagharimu nini

Kuchimba mafuta kunakula fedha na kunakula nishati pia. Huko Alberta huchomwa gesi ili kupata mvuke wa kuyayeyusha mafuta yaliyogandamana na mchanga, na kadiri mafuta yanavyokuwa mazito au ya kina kirefu ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nishati yake inavyotumika kuyatoa. Mahali fulani kwenye mteremko huo hufika pipa ambalo kulitoa kunahitaji nishati nyingi kuliko iliyomo ndani yake, na pipa hilo halitachimbwa na mtu yeyote anayelihitaji kama nishati, hata bei ikiwa dola 500. Lakini uchimbaji husimama mapema zaidi, pale gharama inapopita kile ambacho mnunuzi yuko tayari kulipa. Kwa maana ya kimaumbile, basi, mafuta hayataisha. Mengi yatabaki humo yalimo milele.

Kwa hiyo mtu akikuambia "yataisha", mwombe ataje bei. Mafuta ya dola 30 kwa pipa yanaweza kuwa adimu ilhali mafuta ya dola 90 yapo tele, na kwa nchi maskini inayoagiza kila lita, hali hizo mbili hazina faraja sawa.

Hesabu na upande wa wanunuzi

Mgawanyo ule wa mwanzo unachukulia kwamba matumizi hayatabadilika, na dhana hiyo imekuwa dhaifu kila upande. Aprili 2020, wakati wa korona, mahitaji yaliporomoka kiasi kwamba tarehe 20 mwezi huo mkataba wa mafuta ya Marekani ulifunga kwa bei ya chini ya sifuri, hasi dola 37.63, yaani waliokuwa na mapipa walilipa ili wayaondoe. Miaka michache baadaye matumizi yalikuwa yamerudi na kuvuka kiwango cha awali.

Sehemu kubwa ya mafuta hutumika katika usafiri, na huko ndiko mabadiliko yanakoonekana. Nchini Norway, ambayo yenyewe inaishi kwa kuuza mafuta, karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme mtupu. Karibu nasi zaidi, Ethiopia ilitangaza mwanzoni mwa 2024 kuzuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli. Sababu yake kubwa ilikuwa mzigo wa fedha za kigeni, ilhali umeme wa maji inao. Kwa upande mwingine, ndege, meli, lami na plastiki hazina mbadala rahisi, na Asia na Afrika zinazidi kununua magari. Shirika la Kimataifa la Nishati na OPEC hazikubaliani kama mahitaji yataanza kushuka karibuni au yatapanda hadi katikati ya karne, na msomaji asishangae, maana moja liliundwa na nchi zinazonunua na jingine na nchi zinazouza.

Maoni yangu ni kwamba mwisho wa mafuta, kama nishati kuu, utaamuliwa na wanunuzi kabla ya kuamuliwa na miamba. Lakini siwezi kumwekea mtu dau juu ya mwaka.

Usichanganye foleni ya kituoni na kuisha kwa mafuta

Hili ni fupi lakini ndilo linalotukosesha usingizi. Foleni za Bujumbura za miaka ya karibuni zilitokana hasa na uhaba wa fedha za kigeni. Uhaba uliowakumba Wakenya Aprili 2022 ulitokana na kuchelewa kwa fedha za ruzuku walizodai wauzaji. Sudan Kusini ilisimamisha uchimbaji Januari 2012 kwa ugomvi wa ada za bomba na Sudan, na Februari 2024 bomba lake likaharibika katikati ya vita vya jirani. Katika mifano yote hiyo mafuta yalikuwepo duniani tele.

Bei za EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, zinapotoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, au za EPRA ya Kenya tarehe 14, zinabeba bei ya petroli na dizeli iliyokwisha kusafishwa, nauli ya meli, thamani ya shilingi dhidi ya dola, kodi na tozo. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kusafisha mwaka 2013, na cha Dar es Salaam miaka mingi kabla yake; kwa hiyo hata mafuta ghafi yakishuka bei, sisi tunalipa gharama ya mitambo ya watu wengine. Kabla ya kusema dunia inaishiwa, angalia kwanza vipengele hivyo.

Zoezi la mwisho: kutoka Hoima hadi Chongoleani

Jaribu sasa kila hatua kwa mafuta ya Uganda. Akiba inayoweza kutolewa ni mapipa bilioni 1.4. Kilele kilichopangwa kwa maeneo ya Tilenga na Kingfisher ni mapipa 230,000 kwa siku, sawa na kama milioni 84 kwa mwaka. Ukigawanya unapata miaka 17 hivi. Lakini umeshajua kwamba eneo halitoi kwa kasi moja kisha likakatika ghafla. Hupanda, hukaa kileleni miaka michache, kisha hushuka polepole, na ndiyo maana uhai wa mradi hukadiriwa kuwa zaidi ya miaka 20. Kwa dunia yenye kiu ya mapipa milioni 100 kwa siku, mafuta yote hayo ni ya siku 14.

Halafu weka gharama. Mafuta hayo yana nta nyingi na huganda kwenye joto la kawaida, kwa hiyo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapaswa kupashwa moto njia nzima, na kila pipa litatozwa dola 12.77 kwa kulipitia, kabla ya kuhesabu gharama za visima. Tanzania, yenye asilimia 15 ya hisa za bomba kupitia shirika lake la mafuta, TPDC, italipwa kwa mapipa yanayopita. Haina cha kupata kwa mapipa yanayobaki ardhini huko Ziwa Albert. Kwa hiyo anayetaka kujua hatima ya mradi huo asitafute mwaka wa kuisha kwa mafuta duniani. Afuatilie mambo mawili kwa miaka 20 ijayo: kasi ya visima kushuka baada ya kilele, na kama bei sokoni itaendelea kuzidi jumla ya gharama za kisima, bomba na meli. Bei ikikaa chini ya jumla hiyo kwa muda mrefu, visima vitafungwa vikiwa bado na mafuta.